Kumi na moja hukamata kosa

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 990,341 katika Trans Nzoia, kaunti yenye makao yake Kitale. Majirani wao wa Bungoma walikuwa 1,670,570. Nimejumlisha tarakimu za kila idadi: zote zatoa 26. Nimezigawanya kwa 11: zote hazina baki.

Ndugu msomaji, usikimbilie kwa mpiga ramli. Katika kila namba 11 zinazofuatana, moja hugawanyika kwa 11. Hizi mbili zimesadifiana tu. Faida iko kwingine.

Anza kulia, ukitoa na kujumlisha kwa zamu: 1−4+3−0+9−9. Jibu ni 0. Tuseme karani amegeuza tarakimu, akaandika 990,431. Jumla ingali 26, kosa limejificha. Lakini 1−3+4−0+9−9 ni 2. Kosa limenaswa! Tarakimu mbili jirani zilizo tofauti zikibadilishana nafasi, kipimo hiki hakikosi.

Basi sisi wa Pwani tunaoagiza mahindi ya Kitale kwa simu, nasema hivi: tukitumiana kilo au shilingi, tuandike pembeni baki ya kugawanya kwa 11. Baki zisipolingana, usilipe kwanza, uliza.