Mtoto wake nani?

Jumapili moja hapa kwetu Kasungami, Lubumbashi, tangazo lilisomwa hivi: «Mzee wa kanisa amemjulisha mchungaji kwamba mtoto wake amelala hospitali.» Mchana ule kikundi cha mama wakapeleka chakula nyumbani kwa mchungaji. Kumbe mgonjwa alikuwa mtoto wa mzee, na mama yake alikaa kando ya kitanda mpaka usiku bila mtu wa kumletea kitu.

Msomaji hakukosea neno lolote. «Wake» haisemi ni wa nani kati ya wawili waliotajwa. Kifaransa hakitusaidii, «son enfant» ni vilevile. Kiingereza hutenga mwanamume na mwanamke, lakini hapa wote wawili ni wanaume! Waliojua kwamba mzee hakuonekana ibadani siku ile walielewa mara moja. Sisi wengine tulikisia.

Katika Matendo 8, yule Mwethiopia aliyekuwa akisoma Isaya garini alikwama papo hapo: nabii anasema habari zake mwenyewe, au za mtu mwingine? Akamwuliza Filipo bila haya. Na katika Yohana 11, wanafunzi waliposikia Lazaro amelala walidhani ni usingizi tu, mpaka Yesu akawaambia waziwazi kwamba amekufa.

Siku hizi katibu wetu anaandika «mtoto wa mzee», hata kama neno linarudiwa, na anataja hospitali. Akisahau, mama mmoja husimama katikati ya matangazo na kuuliza: wa nani?