Jinsi ya Kuwapata Waimbaji Tusiowajua

Mara kwa mara husikika watu wazima wakinung'unika ya kuwa nyimbo nzuri zimekwisha, na kwamba zipigwazo katika redio na katika matatu ni zile zile kila siku. Neno la pili lina ukweli ndani yake. La kwanza halina. Nyimbo hazijakwisha. Kilichopungua ni bidii ya kuzitafuta, kwa kuwa wengi wetu hungoja kuletewa. Basi yafaa tuangalie jinsi muziki mgeni unavyomfikia mtu, ndipo tutajua ni njia gani mkulima au karani anaweza kuishika mwenyewe, hata akiwa na intaneti ya shilingi chache tu.

Mfano mzuri watoka nchi ya Wakipsigis. Zamani za ukoloni zilifika huko sahani za santuri za Mmarekani mmoja, Jimmie Rodgers, aliyekufa mwaka 1933. Mtu huyu alikuwa akiimba kwa gitaa, na katikati ya wimbo huibadili sauti yake ghafula kutoka nene kuwa nyembamba. Wenyeji hawakuwa wamepata kumwona. Walichokuwa nacho ni sauti itokayo katika gramafoni, pamoja na jina, na jina hilo wakaligeuza kwa ulimi wao likawa Chemirocha. Mwaka 1950 Bwana Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka nchi nyingi za Afrika na mashine ya kunasia sauti, alifika Kapkatet, akawasikia wasichana wakimwimbia Chemirocha kwa kinanda cha nyuzi kiitwacho chepkong. Katika wimbo wao mgeni huyo amekuwa kiumbe nusu mtu na nusu mnyama wa porini, naye anaalikwa kucheza ngoma. Msomaji asicheke. Watu hao walipokea kitu kipya pasipo mtu wa kuwaeleza, wakakitengeneza kikawa chao. Wangapi kati yetu hufanya hivyo na nyimbo tunazozipata katika simu?

Tracey alikuwa na desturi moja ambayo mimi, kwa kuwa kazi yangu ni ya mafaili, naisifu sana: aliandika. Kila aliponasa wimbo, alijaza kadi yenye jina la mwimbaji, mahali, lugha na aina ya chombo. Ndiyo sababu twajua ya kuwa kiongozi wa wimbo huo aliitwa Chemutoi Ketienya, ingawa wenzake waliandikwa kwa jumla tu kuwa ni wasichana wa Kipsigis. Sauti hizo zikahifadhiwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki aliyoianzisha mwaka 1954. Ilipofika mwaka 2014 wasimamizi wa maktaba hiyo, wakisaidiana na wanamuziki wa Kenya, walizirudisha kwa Wakipsigis, wakamkuta mzee mmoja aliyerekodiwa mwaka 1950 angali hai. Yaani kwa muda wa miaka zaidi ya 60 msomi wa ng'ambo alikuwa na njia nyepesi ya kuusikia wimbo huo kuliko mjukuu wa aliyeuimba. Lakini kadi zilikuwa na majina, na mwenye jina huweza kuuliziwa.

Kwa hiyo, atakaye waimbaji wapya na aanze na majina, hasa yale yaliyoandikwa kwa herufi ndogo. Mwaka 1968 kundi la Kiingereza liitwalo The Tremeloes lilitoa wimbo Helule Helule, nao ukapendwa sana Uingereza. Wengi waliucheza pasipo kujua umetoka wapi. Lakini aliyesoma jina la mtungaji alikuta Daudi Kabaka, wa Nairobi. Na aliyemfuata Kabaka aliifikia bendi ya Equator Sound, na humo angewakuta Fadhili William, Gabriel Omolo, na wapiga gitaa wawili kutoka Zambia, Nashil Pichen na Peter Tsotsi. Jina moja limezaa manne. Kazi hii ilikuwa ngumu zamani, kwa maana ilibidi kupata sahani yenyewe. Sasa mtu huandika jina katika YouTube akiwa shambani, akaletewa nyimbo ambazo baba yake alizitafuta madukani River Road asizipate.

Wako pia watu waliotutangulia katika kutafuta, na si aibu kupita katika nyayo zao. Ketebul Music ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 2007, imetoa vitabu vidogo pamoja na nyimbo na picha juu ya historia ya benga na ya muziki wa Kikuyu. Tena yuko kijana Joseph Kamaru, ajulikanaye kwa jina la KMRU, ambaye muziki wake mwenyewe ni wa mitambo, na wazee wengi hawatauelewa. Lakini yeye ni mjukuu wa marehemu Joseph Kamaru, mwimbaji mashuhuri aliyefariki mwaka 2018, naye amezitoa upya nyimbo za babu yake katika intaneti. Aliyekuja kwa ajili ya mjukuu hukutana na babu, na wa babu hukutana na mjukuu.

Na ile mashine inayokuchagulia wimbo unaofuata je? Watu huidhani ina masikio. Sehemu kubwa ya kazi yake ni hesabu: huangalia kwamba waliosikiliza wimbo huu walisikiliza na ule, ndipo ikakuletea ule. Hesabu hiyo ni nzuri kwa kupata ndugu wa karibu wa wimbo uupendao. Ila mwimbaji asiyesikilizwa na watu haimo habari yake katika hesabu, na mashine itampita kama gari la abiria linavyopita kituo kisicho na mtu. Hivyo wenye wengi huongezewa. Dawa yake ni kuivuruga kidogo: andika mwenyewe jina la wilaya, la chombo kama nyatiti au kayamba, au la lugha usiyoielewa, uone yatakayokuja.

Kuhusu redio nitasema neno moja. Watangazaji wengi hupiga wimbo mzuri, kisha huingiza tangazo la sabuni bila kutaja aliyeuimba. Programu ya Shazam, iliyoanza Uingereza mwaka 2002, huweza kuutambua wimbo ukiusikizisha simu, lakini ni ule tu ambao tayari umo katika orodha yake. Ni heri kumpigia mtangazaji simu na kumwuliza, tena kwa adabu. Wakiuliza wengi, atajifunza kutaja.

Muziki mwingine haujapata kuingia katika orodha yoyote. Mombasa, kwa miaka mingi, taarab za arusini zilinaswa katika kanda, na maduka kama Mbwana Radio Service yakazieneza hata kwa wasioalikwa. Mashindano ya muziki ya shule, ambayo yalianza mwaka 1927, bado hukusanya nyimbo za makabila mbalimbali kila mwaka, na katika mzunguko wa kwanza huna haja ya kusafiri mbali kuyatazama. Hata katika matanga kijijini huenda akawako mzee apigaye kinanda kisichosikika tena mahali pengine.

Mzee kama huyo ndiye anayehitaji haraka. Simu tulizo nazo mifukoni hunasa sauti kwa wepesi kuliko mitambo aliyoibeba Tracey katika gari lake. Muombe ruhusa kwanza, na umweleze utakapoipeleka sauti yake, na kama kuna fedha, itagawanywaje. Mbali na kuku na mbuzi wapigao kelele, kaa naye karibu, uache wimbo umalizike. Kisha uandike jina lake kamili, jina la wimbo na la chombo, mahali, tarehe, na majina ya wote wanaoitikia, wasiandikwe kwa jumla. Nakala ya kwanza ibaki nyumbani kwake.