KISU BUTU HUMKATA MWENYEWE

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Msemo huo ulikusudiwa kuwasuta wavivu, nasi hatuupingi. Lakini katika kazi ya kisu tumejifunza kwamba asiyechagua kinoo chake hulipa kwa damu yake. Kwa hiyo leo tunapenda kuzungumza na ndugu wanaoanza kujifunza kunoa, hasa wale wanaotaka kununua chombo chenye kuongoza mkono.

Sisi ni wakata nyama na wapishi wa Ruti, ng'ambo ya Mto Rwizi katika mji wa Mbarara. Tunao pia wenzetu wanaofanya kazi hiyo hiyo katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro, mahali palipofunguliwa mwaka 1958 kuwapokea wakimbizi wa Rwanda, na ambapo leo wako pia Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo. Buchani, hotelini, jiko la shule au kibanda cha nyama choma, kote huko kisu ndicho kinachomlisha mtu.

Mwenzetu mmoja alikuwa akitenga nyama na mfupa kwa kisu butu. Kwa kuwa hakikukata, alikisukuma kwa nguvu. Kikateleza juu ya mfupa, kikaingia kiganjani. Alikaa nyumbani wiki tatu bila mshahara, na mwenye duka akasema ule ulikuwa uzembe. Uzembe wa nani? Kazini hapakuwa na kinoo hata kimoja. Kisu kikali hukata pale unapokielekeza, kisu butu huenda kinakotaka chenyewe.

Ugumu uko wapi?

Kunoa ni kusugua pande mbili za chuma mpaka zikutane katika mstari mmoja mwembamba. Shida ya anayeanza ni pembe, wala si nguvu. Akiinua mgongo wa kisu sana mara hii na kidogo mara ijayo, makali huwa mviringo badala ya kuchongoka. Chukua kisu chenye upana wa sentimita 4 na nusu. Ili upate pembe ya nyuzi 15, mgongo wake lazima uinuke juu ya jiwe kwa milimita 12 hivi. Kwa nyuzi 20, milimita 15. Tofauti haifiki hata milimita 4! Wazee wa kazi hii mikono yao imezoea kwa miaka mingi. Mgeni hana miaka hiyo, na nyama inasubiri kukatwa leo.

Wengi wetu humpelekea fundi mwenye jiwe la kuzungusha kwa baiskeli. Huyo ni mfanyakazi mwenzetu na hatumdharau. Ila jiwe kavu la kasi hutia chuma moto. Ukiona makali yamegeuka rangi ya buluu, ujue ugumu wa chuma umeondoka mahali hapo, na kisu hicho kitakuwa butu upesi hata kikinolewa vizuri namna gani.

Vyombo vya kuongoza mkono

Cha kwanza ni kile kidogo chenye mfereji, unachovuta kisu katikati yake. Ni rahisi kwa bei na kwa matumizi, lakini vile vyenye vipande vya chuma kigumu hukwangua kisu badala ya kukinoa, na pembe yake haibadiliki. Mfanyakazi anayetegemea kisu kila siku asitumie akiba yake kwa hicho.

Cha pili ni vijiti viwili vya kauri vilivyosimama kwa mwinamo juu ya kitako. Unashika kisu wima kama mtu akataye mkate, ukikishusha na kukivuta kwako, mara kijiti cha kulia, mara cha kushoto. Mwinamo wa vijiti ndio unaotoa pembe. Sharpmaker ya kampuni ya Spyderco, kwa mfano, ina nyuzi 15 na 20 kwa kila upande. Chombo cha namna hii kinafaa sana kudumisha makali, lakini kisu kilichokufa kabisa kitakuchosha.

Cha tatu ni kibanio. Kisu hubanwa mgongoni, na jiwe hufungwa kwenye fimbo ipitayo katika tundu au kiungo, hivyo jiwe halina budi kufuata pembe moja. Kile cha Lansky kina matundu manne: nyuzi 17, 20, 25 na 30. Precision Adjust ya Work Sharp hurekebishwa kuanzia 15 hadi 30. Hiki ndicho kinachoweza kufufua kisu kilichokufa, tena mikononi mwa mtu ambaye hajawahi kunoa.

Kabla hujatoa fedha

Tunakushauri ujiulize maswali manne.

Unanoa visu gani? Kisu cha mboga na cha kumenyea matoke kinatosheka na nyuzi 15 hadi 17. Kisu cha nyama tunakipa 20. Panga na kisu kizito cha kuvunjia mifupa vinataka 25 hadi 30, la sivyo makali yatamomonyoka.

Kisu kina urefu gani? Kibanio kidogo kikishika katikati ya kisu kirefu, pembe hubadilika uelekeapo nchani. Itakubidi ukihamishe mara mbili. Kisu chembamba cha kutenga mifupa nacho hupinda kikisukumwa, kwa hiyo kitafutie kibanio chenye kukiegemeza vizuri au tumia vijiti.

Je, mawe yakiisha utayapata mengine? Usivutwe na sanduku lenye mawe kumi. Mawili yanatosha kuanzia: moja la namba 400 hivi la kurudisha makali, na moja la namba 1000 la kulainisha. Bamba la almasi halihitaji mafuta, nalo hukata upesi, lakini ukilikandamiza huharibika mapema.

Nani mwingine atalitumia? Vyombo hivi vya mkono havihitaji umeme, na kwa ndugu wa Nakivale hilo si jambo dogo. Watu watano wakichanga wanaweza kununua kibanio kimoja kizuri badala ya kila mmoja kununua mfereji mbovu.

Namna ya kuanza

Anza na kisu cha zamani. Paka makali wino wa kalamu nene, kisha pitisha jiwe mara mbili. Wino ukitoka juu tu, pembe ni ndogo mno. Ukitoka nchani tu mwa makali, ni kubwa mno. Usiziamini namba za tundu peke yake, kwani makali ya kisu kipana huwa mbali zaidi na tundu, na pembe hupungua. Endelea upande mmoja mpaka uhisi kwa kidole, upande wa pili, ukingo mwembamba wa chuma uliojikunja kutoka mwanzo hadi mwisho wa kisu. Kidole kipite kutoka mgongoni kwenda nje, kamwe kisifuate makali. Hapo ndipo ugeuze. Malizia kwa jiwe laini, mkono mwepesi, kisha mkanda wa ngozi. Kioshe kisu kabla hakijagusa nyama.

Andika katika daftari: kisu gani, kilibanwa wapi, tundu gani. Safari ijayo dakika chache zitatosha, hata akinoa mwingine.

Na asiye na fedha? Kunja pembe ya karatasi ya mraba mara mbili: nyuzi 90 huwa 45, kisha 22 na nusu. Weka kipande hicho chini ya kisu juu ya jiwe la kawaida uone mwinamo, na mkono ujifunze.

Nani anunue?

Aliyejiajiri atanunua mwenyewe, au na wenzake. Lakini aliyeajiriwa asikubali kwamba makali ni mzigo wake. Sheria ya Uganda ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri achukue hatua zote ziwezekanazo kumkinga mfanyakazi na hatari za kazi. Tunaamini kinoo ni mojawapo ya hatua hizo, na ni rahisi kuliko dawa na bandeji. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka huo huo inamruhusu mkimbizi kufanya kazi, kwa hiyo ndugu wa Nakivale asiogope kudai haki hiyo pamoja nasi. Tukidai, tudai kwa pamoja na kwa maandishi.

Mwenye kisu kikali ndiye mlaji wa nyama, walisema pia wahenga. Sisi tunaongeza: na ndiye arudiye nyumbani na vidole vyote kumi.