Binti Anapochaguliwa Kucheza Ngoma

Wazazi wenzetu walioko Kitui na Makueni hujikuta mashakani pindi mwalimu anapomchagua binti wa miaka saba kucheza ngoma ya Kikamba katika Tamasha la Muziki la Kenya, lililoasisiwa mwaka 1927. Tusikimbilie kukataa. Ngoma za Wakamba si moja. Mbeni ni miruko na mapindu ya vijana. Kilumi ni ya akina mama watu wazima, hupigiwa pepo na kuombewa mvua. (Nasi watu wa Pwani tusijifanye kushangaa: pepo hupungwa hata mitaani kwetu.) Kilumi tuikatae kwa adabu. Mbeni ni mazoezi ya viungo, ila tuulizie vazi, na iwapo mazoezi ya alasiri hayatamkosesha chuo.