Hesabu za Kariakoo zatoka sawa, za darasani zaanguka

KATI ya kila watahiniwa wanne waliofanya mtihani wa Hisabati wa Kidato cha Nne mwaka 2023, watatu walishindwa. Hata hivyo, matokeo hayo yalipokelewa kama nafuu, kwa sababu katika miaka mitano iliyotangulia, kuanzia 2018, aliyefaulu alikuwa mmoja tu kati ya watano.

Kufaulu kwenyewe si kwa kujivunia. Alama ya chini inayokubaliwa na Baraza la Mitihani la Tanzania ni D, ambayo huanzia 30 kwa 100. Kiwanda ambacho robo tatu ya bidhaa zake zinarudishwa na mkaguzi kingefunga milango ndani ya mwezi mmoja.

Kwa wenye biashara wa katikati ya Jiji, jambo hili si la Wizara ya Elimu peke yake. Kuanzia Posta, kwenye mabenki, kampuni za bima na ofisi za mawakala wa hisa, mpaka maduka ya jumla ya Kariakoo, hisabati ni malighafi. Katikati ya maeneo hayo mawili, Barabara ya Bibi Titi Mohamed imebeba Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE) na Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT), vyuo viwili vinavyosubiri malighafi hiyo hiyo.

Soko la Hisa la Dar es Salaam lilipoanza biashara Aprili 1998 lilikuwa na kampuni moja tu, TOL. Leo kuna hisa, hatifungani na mifuko ya uwekezaji, na kila kimojawapo kinahitaji mtu anayejua riba inavyojizalisha. Watu hao hawaagizwi kwa kontena.

Hesabu ya jozi 2,000

Anayedhani Watanzania hawana kichwa cha hesabu na aende Mtaa wa Kongo asubuhi.

Tuseme mfanyabiashara ameagiza kutoka Guangzhou jozi 2,000 za viatu, kila jozi dola 4. Nauli ya meli, ushuru na gharama za kutoa mzigo bandarini vimemla dola 3,000. Jozi 100 zimefika zimeharibika. Mteja kutoka Lubumbashi amesimama mbele yake na anataka bei.

Mwenye duka hahitaji karatasi ndefu. Viatu ni dola 8,000, ongeza 3,000, gawanya kwa jozi 1,900 zilizo nzima. Kila jozi imesimama kwa dola 5 na senti 79. Akiuza chini ya hapo anakula mtaji. Kisha anaibadili bei hiyo kuwa shilingi kwa kiwango cha siku, anaweka faida yake, na biashara inafungwa.

Hiyo ni aljebra. Swali kama hilo likiwekwa kwenye mtihani kwa Kiingereza, wengi wanakwama kabla ya kufika kwenye hesabu yenyewe, kwa sababu hawajaelewa wameulizwa nini.

Mlango wa Kidato cha Kwanza

Ushahidi kwamba tatizo haliko kwenye vichwa vya watoto upo. Mwaka 2007 wanafunzi wa darasa la sita wa mifumo 15 ya elimu ya kusini na mashariki mwa Afrika walipimwa katika utafiti wa SACMEQ. Katika hisabati, Tanzania Bara ilishika nafasi ya tatu, nyuma ya Mauritius na Kenya. Watoto hao walikuwa wakifundishwa kwa Kiswahili.

Fuata kundi hilo kwa kalenda. Waliokuwa darasa la sita mwaka 2007 walimaliza la saba 2008, na waliochaguliwa wakaingia Kidato cha Kwanza 2009. Mtihani wao wa Kidato cha Nne ulikuwa wa mwaka 2012. Matokeo yalipotangazwa mara ya kwanza, Februari 2013, takriban sita kati ya kila kumi walipata sifuri. Serikali iliunda tume, na baadaye viwango vya alama vikapangwa upya.

Kundi lile lile, tena likiwa limechujwa, lilitoka nafasi ya tatu likaangukia sifuri ndani ya miaka mitano. Kwa lugha ya mahesabu, hasara hii haikutokea ghalani wala dukani, imetokea njiani. Mwenye mali anatakiwa aulize mzigo ulipotea kituo gani.

Kituo hicho ni mlango wa Kidato cha Kwanza, ambapo mambo mawili yanamkuta mtoto kwa pamoja.

La kwanza ni lugha. Kwa miaka saba mtoto amejua sehemu, mlinganyo na kipeuo cha pili kwa majina ya Kiswahili. Siku moja ya Januari majina yote yanabadilika, na mwalimu wake mara nyingi naye hayuko imara katika lugha hiyo mpya.

La pili ni walimu. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES), ulioanza 2004, ulijenga shule za kata kwa kasi ambayo vyuo vya ualimu havikuweza kuifuata. Wahitimu wa Kidato cha Sita walipewa mafunzo ya muda mfupi na kupelekwa madarasani, na wananchi wakawabandika jina la 'vodafasta'. Upungufu uliuma zaidi katika hisabati na fizikia, masomo ambayo anayeyaweza hugombewa na waajiri wengine wenye mishahara minono.

Suala la lugha si geni. Mwaka 1982 tume iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika kufundishia sekondari kuanzia 1985. Serikali haikukubali. Istilahi ziliendelea kutengenezwa, na mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa kamusi ya fizikia, kemia na biolojia.

Wanaotetea Kiingereza wana hoja yao: mikataba, bima ya meli na barua za benki za kimataifa haziandikwi kwa Kiswahili. Lakini mifano ya nje inaonyesha kuwa lugha yoyote inaweza kufanya kazi. Katika vipimo vya kimataifa vya hisabati vya mwaka 1995, Singapore iliongoza ikifundisha kwa Kiingereza. Korea Kusini na Japani ziliifuata, kila moja ikifundisha kwa lugha yake. Mwanafunzi wa nchi hizo hakubadilishiwa lugha ya masomo alipoingia sekondari.

Wenye fedha wa Dar es Salaam wamekwisha kulitambua hilo. Wanawapeleka watoto wao shule zinazotumia Kiingereza tangu mwanzo, na jioni wanawalipia tuisheni. Asiye na uwezo huo anabaki na mlango ule ule. Hivyo ufaulu wa hisabati unaelekea kuwa suala la mfuko wa mzazi, na nchi inapoteza vipaji ambavyo haikuwahi kuvipima.

Nani anapiga hesabu?

Gharama yake inaonekana kwenye mikataba mikubwa. Reli ya kisasa iliyoanza kusafirisha abiria kutoka Dar es Salaam mwaka 2024 ilijengwa na Yapi Merkezi ya Uturuki. Bwawa la Julius Nyerere lilijengwa na kampuni za Misri. Watanzania wengi walipata kazi katika miradi hiyo, wahandisi wakiwamo, lakini mkandarasi mkuu ndiye anayeondoka na faida na ujuzi.

Majirani nao hawajalala. Kenya, ikisaidiwa na Japani, ilianza mwaka 1998 mradi wa kuwanoa walimu wa hisabati na sayansi wakiwa kazini. Tangu Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lilipoanza Julai 2010, mhasibu au mhandisi wa Nairobi ana njia ya kuja kugombea kazi Posta.

Kwamba inawezekana, Kariakoo yenyewe ni shahidi. Soko Kuu lililofunguliwa mwaka 1975, lenye paa la miavuli ya zege, lilisanifiwa na Mtanzania, Beda Amuli. Moto wa Julai 2021 uliunguza soko hilo, lakini haukufuta ukweli huo.

Mavuno ya 2033

Serikali imechukua hatua. Tangu 2022 ufadhili wa Samia unawalipia chuo kikuu wanafunzi bora wa sayansi wa Kidato cha Sita. Ni jambo jema, lakini unamfikia aliyekwisha kuvuka. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 unagusa chini zaidi, na elimu ya msingi inakuwa miaka sita. Sekondari, hata hivyo, imebaki kwa Kiingereza.

Mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka 2024 atafika kwenye mtihani wa Kidato cha Nne mwaka 2033. Hiyo ni hatifungani ya miaka kumi. Faida yake itategemea kinachowekwa sasa kwenye mlango wa Kidato cha Kwanza: mwalimu aliyeiva katika somo na lugha, na muda wa kutosha wa kumvusha mtoto kutoka lugha moja kwenda nyingine kabla hajapimwa.

Bila hivyo, mwaka 2033 mfanyabiashara wa Mtaa wa Kongo ataendelea kupata senti 79 zake bila kukosea, huku mwanawe, aliyerithi kichwa hicho hicho, akirudi nyumbani na F.