Gari la umeme na mlima wa Mukamira: hesabu za mfanyabiashara wa Gisenyi

Asubuhi na mapema foleni ya Petite Barrière huwa imeshajipanga. Akina mama wana mabeseni ya nyanya na karoti kichwani, watu wenye ulemavu wamepakia baiskeli zao za magurudumu matatu mpaka mzigo unawazidi kimo, vijana wanasubiri kubebea wengine. Wanavuka kwenda Goma kwa miguu. Lakini mzigo wenyewe ulifika Gisenyi kwa gari, kutoka Musanze, Nyabihu au Kigali, na gharama ya gari hilo ndiyo inayoamua kama beseni litaacha faida au litarudisha mtaji tu. Kila RURA inapotangaza bei mpya ya mafuta, hesabu ya beseni nayo hubadilika.

Ndiyo maana gari la umeme si habari ya wakubwa wa Kigali peke yao. Volkswagen ilipoanza majaribio yake Rwanda mwezi Oktoba 2019, ikishirikiana na Siemens, ilileta e-Golf nne tu na kituo kimoja cha kuchaji. Aprili 2021 serikali ilipitisha vivutio: magari ya umeme, spea zake, betri na vifaa vya kuchajia vikapata msamaha wa ushuru wa forodha na VAT, na umeme wa vituo vya kuchaji ukapangiwa bei isiyozidi ile ya viwanda. Hybrid nazo zilinufaika kwa muda, lakini bajeti ya 2025/26 ilizirudishia kodi. Gari la umeme tupu lilibaki na nafuu yake.

Kwa mizunguko ya mjini hakuna ubishi mkubwa. Anayetoka sokoni kwenda mpakani, akashuka Rubona na kurudi, akapitia Mahoko siku ya soko, hamalizi kilomita 60 kwa siku. Hata Nissan Leaf ya zamani yenye betri ya kilowati-saa 24 inatosha. Ilipokuwa mpya, vipimo vya Marekani viliipa kilomita 117 hivi kwa chaji moja. Huchajiwa usiku kwenye soketi ya kawaida ya nyumbani, na ikiwa ilikuwa karibu kwisha, itachukua saa 10 au zaidi. Hali ya hewa ya Gisenyi pia inaisaidia, kwa kuwa betri ya Leaf hupozwa kwa hewa tu, haina maji ya kupoza, na joto la mji kama Mombasa huichosha haraka kuliko ubaridi wa kando ya Ziwa Kivu.

Matatizo huanza gari linapoelekezwa Kigali.

Gisenyi iko kando ya ziwa, kwenye mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari. Barabara ya Musanze inapanda mara moja, na kufika Bigogwe na Mukamira imeshavuka mita 2,200. Gari lenye uzito wa kilo 1,900 pamoja na watu na mizigo linahitaji zaidi ya kilowati-saa 4 kwa kupandishwa mita hizo 800 tu, bila kuhesabu umeme wa kusukuma magurudumu. Kwa betri ya 24 hiyo ni karibu moja ya sita, na safari ndiyo kwanza imeanza. Kwenye mteremko sehemu ya umeme hurudi, maana mota hugeuka jenereta dereva anapoachia pedali, lakini hairudi yote. Tena anayeondoka Kigali na betri iliyojaa kabisa na kuanza kwa kushuka Nyabugogo hapati kitu: betri haina nafasi ya kupokea, na breki ndizo zinazofanya kazi.

Kutoka Gisenyi hadi Kigali ni kilomita 155 hivi. Kwenda na kurudi ni 310. Hapa ndipo magari yanapotofautiana. Leaf ya kilowati-saa 24 haifiki bila kuchaji Musanze, na ikiwa betri imezeeka, hata Musanze itafika kwa wasiwasi. Leaf ya kilowati-saa 40, iliyoanza kuuzwa nje mwaka 2018, ilipimwa kilomita 243. Ukiondoa robo kwa ajili ya milima na mzigo, inafika Kigali ikiwa na akiba ndogo, na lazima ichajiwe kabla ya kurudi. BYD Atto 3 ina betri ya kilowati-saa 60 na kipimo cha Ulaya cha kilomita 420. Ukiondoa robo zinabaki 315, yaani safari nzima kwa karatasi. Dereva mwenye akili hatajaribu kuimaliza hivyo akiwa na maziwa ndani ya gari.

Kwa hiyo, kwa anayekwenda Kigali mara mbili au tatu kwa wiki, mahali gari litakaposimama wakati mzigo unapakiwa ni pa muhimu kuliko sifa za muuzaji. Kama pana chaja ya haraka karibu, saa moja ya kupakia inatosha kurudisha sehemu kubwa ya betri. Kama hapana, mfanyabiashara amenunua gari na gharama ya kulala Kigali.

Na chaja ikiwepo, plagi iingie. Leaf hizo za zamani hutumia plagi ya haraka ya CHAdeMO. Magari ya Ulaya hutumia CCS2, mengi ya Marekani yamekuwa yakitumia CCS1, na yaliyotengenezwa kwa soko la China hutumia GB/T. Volkswagen ID.4 ya Ulaya na ID.4 ya China zinafanana kwa macho, plagi hazifanani, na ya China mara nyingi huja na skrini ya Kichina. Mnunuzi aulize vituo vya njia yake vina plagi gani kabla hajalipa. Aangalie pia usukani: Leaf nyingi za bei nafuu zinazoshuka Mombasa zimetoka Japani na zina usukani wa kulia, na Rwanda haisajili gari dogo la namna hiyo.

Gharama ya njiani inapigiwa hesabu kwa urahisi. Kwa milima hii, gari la umeme likadiriwe kilowati-saa 20 kwa kilomita 100, yaani 31 hadi Kigali. Gari la petroli linalokula lita 8 kwa kilomita 100 litamaliza zaidi ya lita 12. Bei ya lita izidishwe kwa 12, bei ya uniti ya umeme izidishwe kwa 35, maana umeme kidogo hupotea wakati wa kuchaji. Kilichobaki katikati ndicho akiba ya safari.

Katika matengenezo akiba ipo, ila si mahali pote. Hakuna oili ya injini, plagi za kuwashia wala klachi, na pedi za breki hudumu kwa sababu mota husaidia kusimamisha gari. Matairi huisha vilevile, pengine haraka zaidi kwa uzito wa betri. Shokabzoba na boli joiti hazijui kama gari ni la umeme. Betri ndogo ya volti 12 nayo ikifa, gari haliwaki hata kama betri kubwa imejaa, na fundi yeyote anaweza kuibadilisha. Nyaya za rangi ya chungwa ni jambo jingine: zinabeba umeme wa volti mia kadhaa, unaoua, na fundi wa gereji ya kawaida asizishike hata akijiamini vipi.

Goma inahitaji hesabu yake. COMESA ina bima ya Kadi ya Njano inayotambuliwa pande zote mbili. Lakini gari liingie likiwa na chaji ya kutoka na kurudi, bila kutegemea kituo cha upande wa pili. Mitaa mingi ya Goma imepita juu ya mawe ya volkano, na betri ya gari la umeme iko chini ya sakafu. Jiwe linalokwaruza bomba la moshi la Corolla likigonga pale, hasara yake inaweza kuzidi thamani ya mzigo. Kwa mitaa hiyo chukudu bado ina nafasi yake.

Mnunuzi wa Leaf ya mtumba huanza kwa kutazama vijistari vya afya ya betri pembeni mwa geji ya chaji. Mpya ina 12. Kikipotea cha kwanza, karibu asilimia 15 ya uwezo imeshakwenda. Programu ya LeafSpy kwenye simu, ikiunganishwa na kifaa kidogo cha OBD, hutoa asilimia kamili, kwa sababu wapo wanaofuta kumbukumbu ili vijistari virudi kwa muda. Kisha gari lipakiwe watu wanne au magunia ya viazi ya uzito huo, lipandishwe kutoka Gisenyi hadi Mukamira na kurudi, asilimia ya chaji ikiandikwa mahali patatu: likiondoka, likiwa juu, na likirudi kando ya ziwa.