Kijana Aliyeingia Katika Unga: Yaliyomfika Utotoni, Mwanamme na Mwanamke



Himdi zote ni za Allah, na Rehma na Amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, Ahli zake na Maswahaba zake.

Wazazi wengi hutuletea suali moja kwa maneno tofauti: kijana wangu kaingia katika unga, nimsomee nini? Dua ina nafasi yake, wala hatumzuii mtu kusoma ruqya. Lakini nasi huwa tuna suali letu: kijana huyu alipokuwa na miaka sita, minane, kumi, alikuwa akiishi na nani, na yalimfika mambo gani? Hapo mara nyingi watu hutazamana.

Hukumu ya ulevi haina mjadala. Kinachoondoa akili, kiwe pombe, bangi au unga, ni haramu, na kuhifadhi akili ni katika makusudio makubwa ya Sharia. Tunachotaka kukieleza hapa ni njia inayomfikisha mtu huko, kwani aghlabu huanza miaka mingi kabla hajaonja chochote.

Mwaka 1998 madaktari wawili wa Marekani, Vincent Felitti na Robert Anda, pamoja na wenzao, walitoa utafiti wa watu wazima zaidi ya 9,000 wa San Diego. Waliwauliza yaliyowapata kabla ya kutimia miaka 18: kupigwa, kudhalilishwa kwa maneno, kuingiliwa, kumuona mama akipigwa, kuishi na mlevi, mgonjwa wa akili au mtu aliyewahi kufungwa. Aliyepitiwa na manne au zaidi, hatari yake ya kuingia katika ulevi, madawa, huzuni kubwa au kujaribu kujiua ilikuwa mara 4 mpaka 12 ya yule asiyepitiwa na lolote. Na hawa walikuwa watu wenye bima ya matibabu, wengi wao si masikini. Kwa hivyo asijipe matumaini mwenye nyumba nzuri.

Mtoto anayelelewa kwa khofu mwili wake haupumziki. Usingizi mwepesi, mlango ukigongwa anastuka, chuoni hakai kitako. Akibaleghe, akaonjeshwa kitu kilichomtuliza kwa mara ya kwanza katika umri wake, ataking'ang'ania. Si kila aliyeteswa huishia huko. Wako waliokulia katika mazito wakaokoka, na mara nyingi ukiuliza utakuta palikuwa na bibi, shangazi au maalim aliyewashika mkono. Wala maumivu hayaihalalishi haramu. Ila aliyemuumiza mtoto naye ana hisabu yake mbele ya Allah.

Sasa tuje kwa wanaume na wanawake, maana hapa watu wa visiwani tunajidanganya. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 juu ya ukatili dhidi ya watoto uliwauliza vijana wa miaka 13 mpaka 24. Kwa Zanzibar, kiasi cha 6% ya wanawake na 9% ya wanaume walisema walifanyiwa ukatili wa kijinsia kabla ya miaka 18. Bara wanawake ndio waliokuwa wengi zaidi. Kwetu wamezidi wanaume. Na hao ni waliokubali kusema tu. Sisi tunamchunga binti asitoke magharibi, na mtoto wa kiume tunamuacha alale popote, kwa yeyote, kisha akirudi kanyamaza tunasema amekua.

Mwanamme aliyeumizwa hufundishwa kwamba kusema ni aibu kubwa kuliko kufanyiwa. Huhamia maskani, huonekana, mtaa humwita teja. Mwanamke hufichwa. Huko Marekani, Cathy Spatz Widom na wenzake waliwafuatilia watoto ambao mahakama ilithibitisha, kati ya 1967 na 1971, kuwa waliteswa au kutelekezwa. Walipokuwa watu wazima, athari ya kutelekezwa katika matatizo ya pombe ilijitokeza kwa wanawake. Kwa wanaume haikujitokeza. Ulevi kwa wanaume ulikuwa mwingi hata kwa wasioteswa. Basi msichana akionekana anatumia, familia isikimbilie kusema kaharibiwa na simu. Wako wanaomuozesha haraka ili "atulie", na hilo ni kumtwika mume wa watu mgonjwa asiyejua ugonjwa wake, na kumzidishia binti jeraha.

Kinachoyalinda yote haya ni muhali. Ami ndiye aliyefanya, au jirani, au, Allah atuhifadhi, maalim. Basi wazee wanakaa, wanamalizana, na wanaita sitara. Sitara tuliyofundishwa ni kumfunika aliyeteleza baina yake na Mola wake. Haki ya mtoto ni haki ya mja, na mwenye haki ni yeye. Mzazi hana ruhusa ya kuisamehe kwa niaba yake ili harusi na mazishi yaende vizuri. Mpelekeni Kituo cha Mkono kwa Mkono, au pigeni 116.

Na bakora. Hadithi ya kumuamrisha mtoto sala kwa miaka saba na kumpiga kwa miaka kumi inatajwa sana, lakini masharti ya wanazuoni hayatajwi: asipigwe usoni, asijeruhiwe, asipigwe kwa hasira. Bibi Aisha (Allah amridhie) ametueleza kuwa Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) hakupata kumpiga kwa mkono wake mwanamke wala mtumishi.

Limebaki suali la methadoni inayotolewa Kidongo Chekundu: je, si ulevi mwengine? Kwa tunavyoona, ni dawa. Inapimwa na daktari, mgonjwa huinywa mbele ya muuguzi, na lengo lake ni kumtoa katika sindano na wizi mpaka akili irejee. Anayeinywa kwa utaratibu huo hana lawama, wala asitengwe msikitini. Ramadhani ikikaribia asiache dozi na asijibadilishie saa mwenyewe. Amuulize daktari wake kwanza, kisha aje kwetu kuulizia saumu yake.

Wallahu a'lam.